Maswali ya Wasomaji: "Budget" ni neno la nani, na linadai nini?

SWALI: Jambo, Mwalimu. Sisi ni wamama wa Katuba, tunashona. Tulianza na likelemba, mchango wa kupokezana, kisha tukasema tufungue atelie yetu. Tukaandikia shirika moja linalosaidia vikundi vya wanawake, na karatasi zao zote ni za Kiingereza. Pale walipoandika "Budget" tulipanga vitu vyote tunavyohitaji: mashine nne, vitambaa, nyuzi, vifungo, kodi ya nyumba, usafiri, kila kitu na bei yake. Karatasi imerudi. Pembeni wameandika kwamba hii ni orodha ya vitu vya kununua, si budget. Chini kuna mstari unaoitwa "Contingency", tuliuacha mtupu kwa sababu hatukuuelewa. Sasa nyumbani ni ubishi. Mtoto wangu wa chuo kikuu anasema budget ni Kifaransa, tumelizoea tangu zamani. Kaka yangu wa Kasumbalesa, mpakani na Zambia, anasema ni Kiingereza, Wazambia wanalisema kutwa. Tufundishe: neno hili ni la nani, na wenyewe wakilisema wanataka nini?
Mama wa Katuba, Lubumbashi

JIBU: Jambo sana, mama, na poleni kwa karatasi iliyorudi. Naanza na ubishi wa nyumbani, maana mkijua neno hili limepita wapi mtaona wenyewe kwa nini karatasi yenu haikupokelewa.

Mtoto amesema kweli, na mjomba wake amesema kweli. Neno lilitoka Ufaransa, likavuka kwenda Uingereza, likakaa huko zaidi ya miaka 300, likapewa kazi mpya, kisha Wafaransa wakalichukua tena pamoja na kazi yake hiyo.

Zamani za Warumi, Wagali, watu waliokaa kwenye nchi ambayo leo ni Ufaransa na Ubelgiji, walikuwa na jina la mfuko wa ngozi. Warumi walilichukua wakaliandika "bulga". Katika Kifaransa cha kale likawa "bouge", na mfuko mdogo, ule wa kufunga kiunoni au kuning'iniza kwenye tandiko la farasi, ukaitwa "bougette". Waingereza waliupokea katika karne ya 15 na kwao pia ulikuwa mfuko tu, hauna habari ya hesabu wala serikali. Shakespeare, katika tamthilia yake mojawapo, anawataja mafundi wa kuziba masufuria wanaozunguka na "budget" ya ngozi ya nguruwe, yaani mkoba wa vyombo vya kazi. Hata neno "bulge", ambalo Mwingereza hulisema kitu kikivimba na kutokeza, ni ndugu wa tumbo moja na hili. Mfuko uliojaa huvimba.

Kazi ya fedha ilianza mwaka 1733, na ilianza kwa matusi. Robert Walpole, ambaye Waingereza humhesabu kuwa waziri mkuu wao wa kwanza, alitaka kubadilisha kodi ya mvinyo na tumbaku. Badala ya kutozwa bandarini, mizigo ingewekwa kwenye maghala ya serikali na kodi ingelipwa inapotoka kwenda kuuzwa. Shabaha yake ilikuwa kukata magendo. (Anayefanya kazi Kasumbalesa hahitaji kuelezwa zaidi.) Wananchi walichukia sana, wakaogopa wakaguzi kuingia madukani mwao. Wapinzani wakatoa kijitabu chenye jina "The Budget Opened", mfuko umefunguliwa, kikamchora Walpole kama wale waganga wa sokoni wanaofungua mkoba mbele ya watu na kutangaza dawa ya kila ugonjwa. Mwaka huohuo Walpole aliuondoa mpango wake. Maneno ya kijitabu hayakuondoka. Kidogo kidogo "kufungua budget" ikawa ndiyo namna ya kawaida ya kusema kwamba waziri wa fedha amesimama mbele ya Bunge kueleza serikali itapata nini na itatumia nini, na hakuna tena aliyesikia tusi ndani yake.

Mkoba wenyewe mpaka leo unaonekana. Uingereza kulikuwa na sanduku la mbao lililovikwa ngozi nyekundu, la William Gladstone wa karne ya 19. Mawaziri wa fedha waliendelea kuliinua mbele ya wapiga picha hadi mwaka 2010, ndipo likastaafishwa kwa uchakavu. Nairobi, Kampala na Dodoma waziri hupigwa picha na mkoba wake siku ya kusoma bajeti. India nao walirithi mkoba huo, lakini mwaka 2019 waziri wao wa fedha, Nirmala Sitharaman, aliuacha, akaja na karatasi zilizofungwa ndani ya kitambaa chekundu, kama wafanyabiashara wa kwao wanavyofunga daftari la hesabu. Nilipoiona picha ile niliwakumbuka mama zetu wa soko la Kenya, hapa Lubumbashi. Mwangalie mama anayeuza makala, yaani mkaa, jioni anapofunga biashara: kikwembe chake kina mafundo mawili. La kwanza ni franga za kurudi kuchukua gunia lingine, na hilo halifunguliwi hata mtoto akilia. La pili ndilo la unga na mboga. Mama yule hajajaza karatasi ya Kiingereza maishani mwake, lakini ana budget kamili, na hapo mbele nitamrudia.

Turudi safarini. Wafaransa walianza kuliandika "budget" kwa maana hiyo mpya katika miaka ya 1760, wakizungumzia mambo ya Uingereza, na mwanzoni mwa karne ya 19 likaingia katika sheria zao wenyewe. Ubelgiji ilipozaliwa mwaka 1830 ililikuta tayari. Kwetu lilifika na Wabelgiji. Sheria ya ukoloni ya tarehe 18 Oktoba 1908, iliyoweka Kongo mkononi mwa Ubelgiji, ilisema mapato na matumizi ya koloni yatapangwa kila mwaka kwa sheria, maana yake kwa kura ya Bunge la Brussels. Nalisema hili kwa uchungu: shaba ilichimbwa hapa Katanga, jasho lilikuwa la babu zetu, na mfuko ulifunguliwa mbele ya watu ambao hakuna hata mmoja wetu aliyewachagua. Leo Katiba yetu ya mwaka 2006 inaitaka serikali iwasilishe mpango wa fedha wa mwaka unaofuata mbele ya Baraza la Taifa si zaidi ya tarehe 15 Septemba, na kikao cha kuujadili hufungwa tarehe 15 Desemba. Mkisikia redioni "session budgétaire", ndiyo hiyo. Ni haki iliyopatikana kwa gharama kubwa, na ningependa kila mwenye redio aifuate.

Ndugu zetu wa Kenya, Uganda na Tanzania walilipokea neno kutoka kwa Mwingereza moja kwa moja, wakaliandika "bajeti". Sisi tunalitamka kama Wabelgiji, "bidje". Pale Kasumbalesa matamshi yote mawili hupigana vikumbo kila siku, na mjomba na mpwa wake wanaweza kupeana mkono.

Kuna jambo moja tena kabla sijaingia kwenye karatasi yenu. Maneno mengi ya fedha ni vyombo vya kubebea. "Bourse", fedha ya masomo ambayo wanafunzi wetu huisubiri kwa hamu, ni mfuko wa ngozi kwa Kilatini. Karatasi yenu bila shaka ina maneno "fiscal year", yaani mwaka wa fedha; hilo "fiscal" limetoka kwa "fiscus", kikapu kilichosukwa ambacho Warumi walitia fedha ndani yake, baadaye likawa jina la hazina ya kaisari. Na sisi, bila kuiga mtu, tunasema mfuko wa chama, mfuko wa kanisa, mfuko wa msiba.

Sasa karatasi iliyorudi.

Mfuko una kuingia na una kutoka. Tangu siku za Walpole, anayefungua budget hueleza mambo mawili: fedha zitatoka wapi, na zitakwenda wapi, kwa muda fulani unaojulikana. Ninyi mmeandika upande mmoja. Mlichokiandika, hapa Lubumbashi ofisini tunakiita "état de besoin", yaani mahitaji na bei zake. Fundi akikupa bei ya kujenga ukuta, hiyo ni "devis". Duka likikuandikia bei ya mashine kabla hujanunua, hiyo ni "proforma". Zote tatu ni karatasi nzuri, tena mtazihitaji kama ushahidi wa bei. Lakini hakuna kati yake iliyo budget, maana hakuna inayosema fedha inatoka wapi. Katika kazi yangu ya kutafsiri makaratasi ya vyama nimeliona jambo hili mara nyingi kiasi cha kuniuma, kwa sababu vikundi vinavyoangushwa nalo ni vile ambavyo kweli vinafanya kazi.

Kwa nini upande wa mapato hauandikwi? Wamama wengi wameniambia waziwazi: tukionyesha kwamba tuna kitu, watatupunguzia. Hapa nawaomba mnisikilize sana. Anayesoma karatasi ya Kiingereza anafikiri kinyume. Akiona michango yenu, hata iwe midogo, anaona watu waliokwisha kuanza, ambao hawataiacha kazi njiani. Akiona sehemu ile tupu, anajiuliza: tukimaliza kutoa, hawa watalipa kodi ya nyumba kwa fedha gani?

Natoa mfano, nanyi mtaweka bei zenu. Tuseme atelie inapangiwa miezi 6. Upande wa kutoka: mashine 4 kwa dola 150 kila moja, dola 600. Vitambaa vya sare za shule, dola 1,200. Nyuzi, vifungo na zipu, dola 150. Nyumba kwa dola 80 kila mwezi, dola 480. Umeme, pamoja na makala ya pasi kwa siku ambazo umeme hakuna, dola 120. Usafiri, dola 200. Hapo ni dola 2,750. Ongezeni dola 250 za ule mstari wa "Contingency", nitaueleza sasa hivi, jumla dola 3,000. Upande wa kuingia: michango ya wanachama 12, kila mmoja dola 20, ni dola 240. Sare mtakazouza kabla ya shule kufunguliwa mwezi wa Septemba, tuseme dola 900. Mnachoomba kwa shirika, dola 1,860. Jumla dola 3,000. Pande mbili zimelingana, na sasa ndiyo budget. Tena ombi lenu lenyewe limeshuka kutoka dola 3,000 hadi 1,860, na msomaji anaona sababu yake kwa macho yake.

Kama kuna mwanachama anayeleta mashine yake ya zamani, msiinyamazie. Iandikeni katika mapato kwa thamani yake, na iandikeni tena katika matumizi kwa thamani ileile, na pembeni semeni ni mchango wa kitu, si wa fedha. Wanaotoa misaada wanalihesabu hilo.

"Contingency" limetoka Kilatini, kwenye kitenzi cha kugusa. Baadaye likawa jambo linalokugusa bila kulitarajia. Kwa Kifaransa chetu cha ofisini ni "imprévus". Ni akiba ya dharura: mashine inakatika sindano zote wiki moja, bei ya kitambaa inapanda njiani, paa linavuja mvua ya Novemba. Wengi huweka asilimia 5 hadi 10 ya matumizi, na yenu katika mfano wangu ni kama 9. Someni kwanza masharti ya shirika, kwa sababu kuna wanaoikataza kabisa na kuna wanaotaka muombe ruhusa kabla ya kuigusa. Na isiwe mahali pa kuficha posho. Mkaguzi anapajua pale kuliko mnavyodhani.

Mambo mawili ya sarafu na kalenda yanaumiza watu wa hapa kuliko wa kwingine. Sisi tunauza kwa franga na tunalipa nyumba kwa dola. Andikeni chini ya karatasi kiwango mlichotumia kubadilisha, na tarehe yake. Bila mstari ule mmoja, franga ikishuka miezi miwili baadaye hesabu zote zitaonekana za uongo. Na kuhusu ile "fiscal year", ulizeni inaanza lini kwao. Mwaka wa fedha wa serikali yetu unaanza tarehe 1 Januari. Kenya, Uganda na Tanzania ni tarehe 1 Julai, ndiyo maana bajeti zao husomwa Juni. Mwaka wa kodi wa Uingereza unaanza tarehe 6 Aprili, kwa sababu ya hesabu za kalenda waliyoibadilisha mwaka 1752, wakaruka siku 11. Shirika likisema "mwaka huu", huenda halisemi mwaka wenu.

Mtalikuta neno katika nguo nyingine pia. "To budget for" ni kutenga fedha kwa ajili ya jambo. "Over budget" ni kuzidisha matumizi yaliyopangwa. "On budget" ni kubaki ndani ya mpango, lakini "on a budget", kwa kuongezewa kile kiherufi kidogo tu, ni kuishi kwa fedha kidogo. Hoteli ikijiita "budget hotel" inasema ni ya bei nafuu. Msitegemee maji ya moto.

Yule mama wa makala nilimwacha na mafundo yake mawili. Anajua gunia limemgharimu nini, anajua jioni ameingiza nini, na hagusi mtaji. Mkitaka kumfundisha mwanachama ambaye hajasoma, msianze na karatasi. Wekeni vikombe viwili mezani, cha kuingia na cha kutoka, na maharage badala ya dola, mhamishe maharage mpaka kila punje iliyotoka iwe imeonekana ilipoingilia. Ndipo mwandike. Na mkishaandika, mtu zaidi ya mmoja aijue hesabu ile kwa kichwa, maana shirika likija kutembelea atelie halitauliza mwenyekiti peke yake.

SWALI: Mwalimu, nimepata kazi kwenye kampuni ambayo mkuu wetu anasema Kiingereza tu. Aliniandikia nimpelekee "agenda" ya mkutano wa Jumatatu. Nikampelekea picha ya ukurasa wa agenda yangu, ule wa Jumatatu, wenye saa za mkutano. Hakufurahi. Nimekosea wapi?
Kijana wa Kampemba

JIBU: Hukukosea, mwanangu, umekutwa na maneno mawili yenye sura moja. Kwa Kilatini "agenda" ni mambo yanayotakiwa kutendwa. Kwa Kifaransa limekuwa daftari la tarehe, lile tunalopewa na mabenki mwanzo wa mwaka. Kwa Kiingereza limekuwa orodha ya mambo yatakayozungumzwa mkutanoni, ambayo sisi tunaiita "ordre du jour", na Waswahili wa Kenya na Tanzania "ajenda". Daftari lako wewe, Mwingereza huliita "diary", na Mmarekani huweza kuliita "planner". Ukisikia watu wakisema mtu ana "hidden agenda", hawasemi ameficha daftari. Wanasema ana nia ambayo haitangazi.

Kwa Jumatatu ijayo mpelekee ukurasa mmoja: tarehe, saa na mahali juu, kisha mambo ya kuzungumza yakiwa na namba, na mbele ya kila jambo jina la atakayelileta na dakika atakazopewa. Mpelekee Ijumaa kabla hajatoka ofisini, apate nafasi ya kuongeza lake.